Gurudumu la Nne la Selwyn Thackray

Wasikilizaji wapendwa, Selwyn Thackray amefariki. Nasema hivi moja kwa moja kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda maneno ya kuzunguka. Selwyn, fundi wa breki za magari ya zamani, hapahapa Harthwaite, amefariki.

Wengi mlimjua kwa kucha zake, nyeusi hata siku ya Krismasi. Na mlilijua lile gari la kijani la baba yake, la mwaka 1931. Breki zake hazitumii mafuta. Unakanyaga, fito za chuma zinavuta, kila gurudumu linabanwa. Fito hizo zimeungwa kwa pini. Pini zikilika, matundu yake yanapanuka na kuwa na umbo la yai, na breki inalegea.

Hapo ndipo watu hukosea. Badala ya kutengeneza pini, wanakaza fito. Kanyagio linakuwa gumu, wanafurahi. Kumbe ulegevu uko palepale. Baba yake alikaza hivyo Jumamosi moja. Kesho yake, kwenye mteremko wa kanisani, gurudumu moja lilishika, matatu yakakataa. Gari likagonga ukuta. Mama yake Selwyn, aliyekuwa ndani, hakutembea tena sawasawa.

Selwyn alirithi gari, akaliinua juu ya stendi za chuma karakanani ili alitengeneze. Dada yake mkubwa, Enid, ambaye siku ile alikuwa amekaa kiti cha nyuma, alitaka jambo moja tu. Alitaka ashuke tena mteremko ule ndani ya gari lile, afike chini salama, kabla hajapofuka. Na macho yalikuwa yanakwisha.

"Lini, Selwyn?" alimuuliza kila alipompelekea chai.

"Breki zikishika zote nne pamoja, dada."

"Nitakuwa kaburini."

"Basi nitakuletea hukohuko. Usihame tu."

Kila tundu alilijaza chuma kwa kuchomelea, akalitoboa upya, akachonga pini yake. Magurudumu matatu yalikamilika. Alikuwa anapiga tupa pini ya gurudumu la nne alipoanguka. Moyo. Enid ndiye aliyemkuta.

Kabla ya mazishi alikuja Horace Bickerdike, rafiki yake wa klabu ya magari ya zamani.

"Enid, mama, nikaze ufito ule mmoja tu? Sasa hivi tu, unashuka na gari."

"Horace, ukiugusa huo ufito nakupiga na birika."

"Mteremko wenyewe mfupi."

"Hata siku ile ulikuwa mfupi."

Basi Alhamisi, siku ya mazishi, tulifanya hivi. Tulilishusha gari. Ufito tuliuacha kama Selwyn alivyouacha. Injini hatukuiwasha. Tulifunga kamba mbili nyuma, mimi na wanaume na wanawake wa klabu tukazishika, Horace akashika usukani. Enid alikaa kiti cha nyuma. Jeneza lilitangulia mabegani mwa watu. Mvua ilinyesha. Tulishuka polepole, tumeegemea nyuma, visigino vikikwaruza mawe. Tuliokuwa kwenye kamba ndio tuliokuwa breki.

Chini, kwenye lango la kanisa, gari lilisimama. Enid hakushuka. Alikuwa ameng'ang'ania kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Tumefika, Enid," Horace alisema.

"Ukuta uko wapi?"

"Kushoto kwako. Hatujaugusa."

Hapo ndipo alipolia. Tangu kifo hakuwa amelia.

Mama Enid, pole sana. Poleni wanaklabu wote. Horace, pole, na najua sasa tupa ya Selwyn iko mkononi mwako, umalizie pini ile.

Wasikilizaji wapendwa, kuhusu fito Selwyn alikuwa sahihi, na ninyi wenye magari ya zamani msisahau: usikaze, tengeneza. Lakini kuna mtu leo anakungoja umalize kazi ndipo ukae naye. Mfikirie huyo. Nilipomuaga Enid makaburini, alinishika mkono uliochubuliwa na kamba, akaupapasa.

"Kamba tulikuwa nazo miaka yote," aliniambia. "Selwyn angeshuka nami, amekaa pembeni yangu."