Begi Jekundu Lililongoja Wiki Tatu

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya makreti mawili ya soda, mbele ya kibanda cha fundi mabegi, pale barabara ya soko inapokutana na ile ya hospitali. Upande wa kushoto ubao umebonyea, na hapo hukaa Breki, dereva wa lori aliyestaafu, kwa kuwa ndiye aliyeubonyeza. Katikati hukaa Stempu, karani wa zamani wa posta, mtu mwembamba anayeketi kana kwamba foleni bado iko mbele yake. Upande wa kulia, jirani na meza ya kazi, hukaa mwenye kibanda, ambaye jina alilopewa na wazazi wake linajulikana na mkewe na kitambulisho tu. Wengine wote wanamwita Zipu. Mama wa kahawa hufika saa nne na birika lake, na huondoka likikauka. Katika muda huo hakuna jambo la dunia hii ambalo benchi limewahi kushindwa kulitolea hukumu.

Ijumaa hiyo Zipu alikuwa na kesi yake mwenyewe, tena ya haraka. Mkewe, aliyefua mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, alikuwa amestaafu mwezi uliopita. Hata wiki haikuisha nyumbani, akasema anataka waende mahali, wao wawili, siku nne, kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na maporomoko ya maji. Si msibani, si harusini, si kumuuguza mtu. Kwenda tu. Zipu alicheka akidhani ni utani, kisha akagundua anacheka peke yake. Tangu hapo akawa mtu wa "tutaona". Alisema tutaona asubuhi, akasema tutaona jioni, mpaka asubuhi ya Ijumaa mkewe akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba saa sita atapita kibandani akielekea ofisi ya mabasi kuandikisha majina. Kama ni mawili, mawili. Kama ni moja, moja.

Hilo moja ndilo lililomkaa Zipu kooni.

Basi akaieleza kesi benchini, na aliieleza kwa namna ambayo msikilizaji asingepata taabu kujua aegemee wapi. Alianza na nauli, akaja kwenye vumbi la njiani, akaingia kwenye mbu, akamalizia na magodoro yaliyolaliwa na kila mtu. Ukweli ni kwamba alikuwa amepeleka kesi kwa mahakimu aliowachagua mwenyewe, na hukumu alikuwa anaijua tangu akiwa njiani.

Breki hakumwangusha.

— Mimi nimefika kila mahali, alisema. Miaka thelathini kwenye usukani. Dunia ni moja tu, bwana. Ukifika unakuta geti. Ukipita geti unakuta foleni. Mwisho wa foleni kuna mtu amekaa, anataka karatasi. Sasa utoke kwako, kitanda chako ukiache, ufuate hilo?

— Hayo yalikuwa maghala, Stempu alimkumbusha. Shemeji anataka mapumziko.

— Mapumziko nayo yana geti. Tena la huko unalipia.

Kisha Breki akaanza kupanda mlima wa hoja. Alidai mwili wa mtu umezoea maji ya bomba lake, na ukiubadilishia maji unashtuka. Alivua kofia kuonyesha ushahidi: upande wa kulia wa kichwa, uliokuwa unaelekea dirishani miaka yote ya kuendesha, nywele zilikuwa zimekimbia kabisa, na upande wa kushoto zilikuwepo za kutosha. Hizo za kulia, alisema, zimebaki barabarani.

Stempu aliitazama ile nusu ya upara kwa heshima, akanywa funda, kisha akaleta nadharia yake. Yeye hakuwahi kwenda popote, lakini alikuwa amepokea kadi za posta kutoka kila pembe, na kwa kuwa kadi hazina bahasha, macho hayana pazia. Alizisoma. Alikiri hilo kwa sauti ndogo, kama bado angeweza kuitwa ofisini.

— Zote zinasema kitu kimoja, alisema. Tumefika salama, hali ya hewa nzuri, tunawakumbuka sana. Sasa nauliza. Kama umefika huko unawakumbuka wa nyumbani, uliondoka kufanya nini?

— Hapo umenena, alisema Zipu.

— Ninyi mnataka maporomoko? aliendelea Stempu. Kata picha kwenye kalenda, bandika ukutani chumbani. Fungua bomba la bafuni mpaka mwisho. Mwambie shemeji afumbe macho. Ndani ya dakika tano amefika, na hajachafua kiatu.

Mama wa kahawa alikuwa akiwajazia vikombe. Alisema kwa kuwa yeye anatembea mji mzima kila siku na birika mkononi, na hakuna siku benchi hili limemuuliza kama kutembea kuna faida, basi naye hatawashauri kitu. Walicheka kidogo, kisha wakaacha, kwa sababu yeye hakuwa amecheka.

Zamu ilimfikia Zipu. Akasimama, maana hoja yake ilikuwa inaning'inia ukutani. Ndani ya kibanda, kwenye misumari kuanzia usawa wa kiuno hadi kwenye bati, kulikuwa na mabegi ya wasafiri: yaliyopasuka mbavu, yaliyong'oka magurudumu, yaliyovunjika mikono. Akayaonyesha moja moja kama daktari anayepita wodini.

— Mimi safari siambiwi na mtu, alisema. Mimi naziona zinavyorudi. Miaka ishirini na sita nipo kwenye meza hii, na haijatokea siku moja likaletwa hapa begi zima. Hata moja. Sasa kama begi, ambalo ni turubai na chuma, safari inalifanya hivi, mimi na mama watoto itatufanyaje?

Ilikuwa hoja nzito. Breki aliitikia kwa kichwa taratibu. Stempu alisema kesi imefungwa. Zipu akaketi akitarajia kusikia raha ya mtu aliyeshinda, lakini raha haikuja, kwa sababu alipokuwa akiyaonyesha yale mabegi alikuwa ameliruka moja, na alijua kwamba ameliruka.

Lilikuwa begi jekundu, la zamani, ambalo jua lilikuwa limelipausha hadi likafanana na tofali. Mkewe alilileta wiki tatu zilizopita, akaliweka mezani kama mteja mwingine yeyote, akasema zipu haishiki. Zipu alilifungua na kulifunga mara moja, akaona tatizo papo hapo: kichwa cha zipu kimelegea, kinapita bila kuyaumanisha meno. Akasema ataliangalia. Akalitundika. Tangu siku hiyo yamekuja mengine kumi na kuondoka, na hilo liko pale.

Na kama benchi lingekuwa mahali pa kusema ukweli wote, angesema pia kwamba si mbu wala nauli. Alikuwa anaogopa. Kwa miaka thelathini na mmoja mkewe alifanya kazi zamu za usiku, yeye mchana. Walikuwa wanapishana mlangoni, mmoja akivua viatu, mwingine akivaa. Walilea watoto watatu kwa kupokezana. Siku nne, chumba kimoja, mikono mitupu bila sindano wala koleo, wataongea nini? Alimeza kahawa.

Ilikuwa imebaki nusu saa kufika saa sita alipotokea msichana mmoja wa duka la dawa, aliyekuwa ameacha begi lake wiki hiyo libadilishwe gurudumu.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba, walijibu pamoja.

Zipu alimpa begi lake, akalisukuma huku na huku kwenye lami ili msichana aone linavyoteleza. Kisha, kwa kuwa shahidi alikuwa amejileta mwenyewe, akamtaka alieleze benchi jinsi safari ilivyolivunja begi lile. Msichana aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

— Safari haikulivunja, alisema. Safari ilikuwa nzuri. Gurudumu lilivunjika kwenye ngazi za kwetu, nalipandisha ghorofani.

— Lakini lilitoka safarini, Breki alisisitiza.

Wakamweleza kesi yote, kila mmoja akikatiza mwenzake: geti, nywele, kadi za posta, bomba la bafuni, na mwisho ule ushahidi ulioning'inia, kwamba kwa miaka ishirini na sita hakujaletwa begi zima. Msichana alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

— Lakini fundi, alisema, begi zima lije kwako kufanya nini?

Zipu aligeuka kuutazama ukuta wake, na kwa mara ya kwanza akayafikiria mabegi yasiyokuwepo pale, mamia kwa mamia, yaliyokwenda na kurudi salama, sasa yako chini ya vitanda vya watu, na hakuna fundi aliyewahi kuyajua.

Msichana hakutaka kumwaibisha mzee. Akaongeza kwa upole, huku akivuta mkono wa begi lake:

— Na mama mwenyewe amesema anafuata nini huko?

Breki alimtazama Stempu. Stempu alimtazama Zipu. Zipu alitazama ndani ya kikombe. Wiki tatu alikuwa ameuliza nauli ni kiasi gani, basi linaondoka saa ngapi, nyumba itabaki na nani, choo kiko ndani au nje. Hilo hakuwa ameliuliza.

— Maporomoko, si ndiyo? alijaribu Stempu.

Msichana aliaga, akaenda zake, na gurudumu jipya halikupiga hata kelele.

Breki ndiye aliyeanza tena, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

— Nilipita pale mara nyingi, alisema. Kwenye hayo maporomoko. Kuna mahali malori yanasimama kupoza injini, na ukizima unayasikia. Kuna kijia cha kushuka. Watu wanasema ni hatua mia mbili.

— Yakoje? aliuliza Zipu.

— Sijui. Nilikuwa na mzigo. Mzigo hauachwi.

Alivaa kofia yake. Miaka thelathini ilikuwa imepita kando ya hatua mia mbili asizozishuka, na benchi zima, lililozoea kumcheka Breki kwa kila kitu, halikuona cha kucheka.

Zipu alinyanyuka, akaingia ndani, akalitungua begi jekundu. Akapangusa vumbi kwa kiganja. Akachukua koleo, akakibana kichwa cha zipu upande wa kushoto, akakibana upande wa kulia, akavuta. Meno yakaumana mpaka mwisho. Alipogeuka, kahawa aliyoiacha kwenye ubao ilikuwa bado inatoa moshi.

Mkewe alifika saa sita kamili, kwa sababu mtu aliyefanya kazi kwa kengele miaka yote hiyo hajui kufika saa nyingine. Alisalimia, akaitwa shemeji mara mbili, akasogezewa nafasi, lakini hakukaa. Macho yake yalikuwa kwenye begi lililokuwa juu ya meza. Akalifungua, akalifunga.

— Ilikuwa kazi kubwa? aliuliza.

Stempu alikohoa, tayari kumsaidia rafiki yake kwa uongo mzuri. Lakini Zipu alikuwa amechoka na mahakimu wake.

— Kubana mara mbili, alisema.

— Najua, alisema mkewe.

Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo maana lilimchoma. Mwanamke huyu alikuwa amemwona akibana vichwa vya zipu tangu wakiwa vijana. Wiki tatu nzima alijua, na aliacha begi litundikwe.

— Mama watoto, alisema Zipu, nina swali nilipaswa kukuuliza siku ile ile. Huko unafuata nini? Unataka kuona nini?

Mkewe alishangaa kidogo, akafikiri.

— Kuona? Sina ninachotaka kuona. Maji yakiwepo nitayaona.

Akapitisha kidole kwenye meno ya zipu.

— Nataka kulala kwenye shuka lililofuliwa na mtu mwingine. Basi. Nilale, asubuhi niamke, nitoke niliache pale pale limekunjamana. Nisijue linakwenda wapi.

Breki aliangalia chini. Mama wa kahawa, aliyekuwa akifunga virago vyake, aliweka birika chini na kumtazama yule mwanamke kama mtu anayemtambua ndugu.

Zipu aliona mikono ya mkewe, yenye ngozi iliyokwanguliwa na dawa za kufulia, na akaona haya, kisha chini ya haya akasikia kitu kama furaha. Watakachoongea kwa siku nne kilikuwa kimeshaanza kuongewa.

— Andikisha mawili, alisema.

— Na mabegi ya watu?

— Mabovu hayana haraka. Yatanikuta.

Mkewe aliondoka kuelekea ofisi ya mabasi, begi jekundu mkononi ingawa lilikuwa tupu. Breki alimwita kwa nyuma, akamwambia wakifika pale malori yanaposimama, washuke. Ni hatua mia mbili tu. Halafu wamwambie yakoje.

Zipu akatafuta kipande cha boksi cha kutundika mlangoni, maana kwa miaka ishirini na sita kibanda hakikuwahi kuwa na kibao cha kusema kimefungwa. Stempu alijitolea kuandika, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa wa ofisi. Akaandika FUNDI HAYUPO SIKU NNE, kila herufi imesimama wima, kisha akainua kalamu.

— Sababu niweke nini? aliuliza. Kwa kawaida huwekwa msiba. Au ugonjwa.

— Hakuna msiba.

— Lakini watu watauliza. Lazima pawe na sababu.

Zipu alilipeleka swali kwa Breki, na Breki alilipeleka kwa mama wa kahawa, lakini birika lilikuwa limekauka na yeye alikuwa ameshavuka barabara. Zipu akainama juu ya boksi, akafikiri kidogo.

— Andika, alisema, tumekwenda kulala.