Mzee Clemens na Fiwi Katikati ya Mahindi

Sasa hivi tu mwanangu Jenifa kamwaga bakuli la fiwi ndani ya debe la mahindi, kakoroga kwa mikono miwili, halafu kanicheka. Mahindi ni ya kupanda leo, fiwi ni za kuwagawia wageni. Basi nachambua huku naandika maneno ya kumuaga, maana sherehe ya leo ni ya Mzee Clemens.

Mzee Clemens amelitumikia shamba la malisho la chama chetu cha wafuga ng'ombe wa maziwa, hapa Katandala, miaka ishirini na sita. Anastaafu leo, tarehe thelathini Novemba, mvua zimeshaanza.

Alipoajiriwa, ng'ombe wa chama walikula mabua makavu kiangazi chote, na ikifika Septemba maziwa yanakatika. Yeye akaleta fiwi, jamii ya maharage yanayotambaa na kubaki kijani hata kiangazi. Mwaka wa kwanza alizipanda siku moja na mahindi. Zikatambaa, zikayaelemea, zikayalaza yote chini. Mama Rozina, ambaye leo ni mwenyekiti wetu, alimwambia, "Clemens, wewe umelima kamba." Hakununa. Alikata vyote hivyo hivyo, akaanika, ng'ombe wakala mpaka mwezi wa kumi. Tangu hapo fiwi zinasubiri palizi ya kwanza, mahindi yakiwa magotini.

Vibarua wapya huzing'oa wakidhani ni magugu. Mzee hagombi. Anakufuata nyuma, anaokota kila mche uliong'olewa, anauimbia wimbo wa msiba kwa Kifipa, taratibu kabisa, mpaka unaweka jembe chini kwa kucheka.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini haya nimeyashika. Mwaka huu Oktoba nzima ng'ombe wangu alikamuliwa, na Jenifa alikunywa maziwa kila asubuhi. Sasa kamati ya chama imekaa humo ndani ya ofisi. Wengine wanataka shamba lirudi mahindi matupu, wanasema hakuna wa kulishika. Mzee kanitaja mimi. Nachambua huku nimetega sikio dirishani.

Mzee wetu, asante kwa maziwa ya kiangazi. Nenda Muze kwa wajukuu, unyooshe mgongo, Mungu akupe afya na usingizi mzuri. Mwezi wa nne uje kututembelea, utukute...

Mama Rozina ananiita dirishani. Kamati imekubali nilishike shamba na fiwi zake; nipeleke mbegu, nipande mstari wa kwanza mzee akiangalia. Na sijamaliza kuchambua. Kwa hiyo mzee, ukiona fiwi imechomoza kabla ya wakati wake, nami nikaing'oa, tafadhali usinianzie ule wimbo wa msiba.