Fundi Ambrosi na Mpangaji wa Miaka Arobaini na Mitatu

Ndugu waombolezaji, wenyeji na mliotoka Sikonge kwa baiskeli, tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 8 Februari 2025, ni Ambrosi Lugembe, aliyezaliwa Sikonge tarehe 14 Machi 1955, mtoto wa tatu wa mzee Lugembe, mrina asali, na mama Apolinaria.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1970, akajifunza useremala misheni, na mwaka 1976 akafungua karakana hapa Tabora mjini, akitengeneza vitanda vya maharusi, na kama yupo aliyeoa mtaa huu asiyelalia kitanda chake, anyooshe mkono, tunasubiri.

Juni 1981 Sadiki, fundi wa magodoro ya sufi, alihamia kwake, mtaa ukawapokea wote wawili, hofu ya majirani siku hizo ikiwa moja tu, kwamba Ambrosi asije akamlisha mwenzake nguruwe.

Kuhusu ndoa, mwaka 1988 ukoo ulimletea mchumba kutoka Kaliua, Josepha, aliyekaa siku mbili, akala, akaangalia nyumba inavyokwenda, akasema hapa pana mwenyewe, akaagiza kitanda cha kuolewa kwingine, na ndiye huyo anayelia kuliko wote pale mbele.

Hakuzaa, ila alimlea Consolatha, mtoto wa dada yake, tangu ana miezi minne, akamsomesha hadi chuo kikuu, anakosoma sheria na kubishana, na ndiye anayewasomea wasifu huu.

Mwaka 2018, maneno ya ushoga yalipojaa redioni na vijiweni, majirani walewale wakagundua ghafla kwamba wana macho, balozi wetu wa nyumba kumi, Majidi, akaitisha kikao cha maadili kuwajadili, kikafanyika juu ya viti vya kuazima vya marehemu mwenyewe, naye saa kumi na moja kamili akaja na mkokoteni kuvichukua, kikao kikaahirishwa watu wamesimama, na mpaka leo hakijaitishwa tena.

Oktoba 2024 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa hospitali ya Kitete, Sadiki akimwogesha na kumlisha, Majidi naye akileta supu, kila mara akisema alikuwa anapita tu, hadi alipofariki Alhamisi tarehe 6 Februari, saa tatu asubuhi.

Karatasi hii, ilivyotoka kwenye kikao cha ukoo jana, ilisema marehemu hakuoa na aliishi na mpangaji, Consolatha akabisha mpaka sauti ikakauka, wazee wakamwambia akae chini, lakini leo asubuhi mtani wetu Masolwa, amevaa aproni ya marehemu na penseli sikioni, alijilaza ndani ya kaburi, akaapa hatoki mpaka aambiwe mpangaji gani anajua mwenye nyumba hulalia ubavu upi, na Sadiki, kwa kujisahau, akajibu kwamba ni wa kushoto, maana akilalia wa kulia anakoroma.

Watu walicheka huku wanalia, baba mdogo Benjamini akaazima penseli ya Masolwa, akafuta "mpangaji", hajui aandike nini, mwisho akaandika "Sadiki", akatamka kwamba ndiye atakayetangulia kutia udongo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kitete, mafundi wenzake, majirani wote, wa kikao cha maadili mkiwemo, na Masolwa kwa kukubali kutoka kaburini, viti mlivyokalia ni vyake, mvirudishe.

Mjomba, Sadiki amekutandikia sufi mpya, leo ruksa hata ubavu wa kulia. Pumzika kwa amani.