Boksi la Wanaoanza

Treni ilikuwa inakaribia kituo cha Luz, jirani na Santa Ifigênia, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme, ambako mzee Osvaldo alitengeneza redio za watu wa São Paulo kwa miaka arobaini. Mama aliyekaa pembeni yake alikuwa anasoma orodha yake kwa sauti: chuma cha kulehemu, mita ya kupimia umeme, boksi la vipuri la wanaoanza ufundi. Osvaldo, ambaye hajawahi kungoja kuombwa ushauri, akadakia.

"Boksi la nini, dada? Nunua redio mbovu, unyofoe vipuri humo. Sisi tulijifunza hivyo. Ukiunguza, hakuna kilio."

"Redio mbovu siitaki, mzee wangu."

"Ah! Ile harufu ya lehemu jikoni kwa mama, meza nzima imejaa nyaya! Nyie wa maboksi hamtaijua."

"Naijua sana. Kaka zangu walikuwa wanalehemu, mimi nawashikia taa. Nikigusa kitu, baba ananichapa vidole. Leo nina miaka hamsini na nane. Nataka boksi jipya, na plastiki yake niichane mwenyewe."

Osvaldo alimkumbuka dada yake Neide, aliyemshikia taa miaka yote ile bila mkono kutikisika. Hakuwahi kumuuliza kama na yeye angependa kushika chuma.

Treni ikasimama, milango ikafunguka, yule mama akashuka.

"Haya, boksi nunua," alisema akimfuata mbio mbio. "Lakini mita ya bei chee, usithubutu!"

"Nani kakuuliza?" alijibu yule mama, ila akapunguza mwendo.