Mizani ya Mahindi na Bendera ya Yusra

Risala ya wanachama wa Klabu ya Karate ya Ghala la Juu, Mombo, kwa mgeni rasmi, Dokta Janeth, katika hafla ya kuiaga timu inayokwenda mashindanoni Tanga

Mgeni rasmi, Dokta Janeth, shikamoo. Mwalimu wetu Semboja, shikamoo. Wazazi wetu mliokaa upande wa mlangoni kwenye upepo, shikamooni. Wageni wote, itifaki imezingatiwa, na kama kuna tuliyemruka atusamehe, maana anayesoma ni mimi Chausiku, katibu wa klabu, na risala sijawahi kuisoma mbele za watu.

KUKUKARIBISHA

Mgeni rasmi, karibu sana Ghala la Juu. Tunajua umestaafu udaktari na kwamba leo ulishapanga kwenda kuangalia mihogo yako Mkumbara. Umeiacha, umekuja kwetu. Ahsante sana. Wapo waliotushauri tumwalike mtu mwenye gari kubwa na ahadi kubwa. Tulibishana siku mbili, tukakuchagua wewe. Sababu tutaieleza huko mbele, tunaomba utuvumilie.

HISTORIA FUPI

Klabu hii ilianza miaka sita iliyopita ikiwa na wanafunzi wanne. Mwalimu Semboja alirudi kutoka Dar es Salaam na mkanda mweusi na begi moja, akaomba ghala hili, ambalo wakati huo wapangaji wake walikuwa popo. Sakafu ni saruji tupu. Tulikwenda kwenye mashine za kukoboa mpunga tukaomba pumba, tukazijaza kwenye magunia, tukayashona, tukatandika turubai juu yake. Ndilo zulia ulilolikanyaga ulipoingia. Mitaani wanatuita Watu wa Pumba. Mwanzoni tulinuna, siku hizi tunaitika.

Miezi mitatu ya kwanza mwalimu hakutufundisha hata teke moja. Alitufundisha kuanguka: kidevu kifuani, mikono ipige chini kabla ya mgongo, kichwa kisiguse. "Kupiga kila mtu anajua," alikuwa akisema. "Mimi nataka nione mnaangukaje." Wengine walichoka wakaacha. Waliobaki, hakuna aliyewahi kuvunjika hata kidole humu ndani. Vijana mliokuja kututazama, ushauri wetu ni huu: ukienda klabu siku ya kwanza ukaonyeshwa teke la kuruka, chukua viatu vyako uondoke.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, leo tuko kumi na tisa, na kumi na moja ni wasichana. Ugomvi wa vijana pale stendi umepungua, kwa sababu mwanachama akipigana mtaani anavuliwa mkanda mbele ya wenzake na anaanza upya na mkanda mweupe. Yalimkuta Isaka, mwenyekiti wetu. Yupo pale nyuma anacheka, lakini siku ile hakucheka.

Na fanikio letu kubwa linaitwa Yusra, binti wa Bi Mashavu anayewauzia chakula abiria wa mabasi. Alipokuja hapa alikuwa haogopi kupigwa, alikuwa anaogopa kupiga kelele. Leo ana miaka kumi na tisa, ndiye nahodha, na katika mapambano manane ameshinda saba. Ukimwona anavyosogea kwenye zulia unasahau kwamba chini ni pumba.

CHANGAMOTO

Ya kwanza, pumba zinashindiliwa, kila baada ya miezi miwili sakafu inarudi kuwa saruji. Ya pili, kinga za meno tunazo sita kwa watu kumi na tisa, na kuazimana kitu kilichotoka mdomoni mwa mwenzako hatumshauri mtu yeyote. Ya tatu ni mizani.

Mgeni rasmi, hapa naomba nipumue kidogo.

Risala aliyoipitisha mwalimu jana ina kurasa mbili, na baada ya mizani inakwenda moja kwa moja kwenye maombi. Huu ninaoushika sasa ni ukurasa wa tatu. Tumeuandika leo asubuhi, wanachama kumi na wanane. Mwalimu, tunaomba radhi. Kwenye zulia hatuna ruhusa ya kukujibu, tunainama tunasema ndiyo mwalimu. Isaka alikuja nyumbani kwako jana jioni akitaka kuongea, ukamwambia, "Nyie mnamwogopea Yusra au mnamwonea wivu?" Akainama, akarudi. Lakini risala ikianza kusomwa mbele ya mgeni haikatizwi, hata na wewe. Ndiyo njia pekee tuliyoiona.

Mashindano yanagawanywa kwa uzito, na Yusra anapigana chini ya kilo hamsini na tano. Sisi hatuna mizani ya watu. Tunapimana hapo jirani, kwenye mizani ya mnunuzi wa mahindi. Mgeni rasmi, sisi ni watoto wa wakulima. Kila msimu tunalalamika kwamba mizani ile inapunja, gunia la kilo mia inalisoma tisini na tano. Wazazi wetu wanajua. Sisi wenyewe tumeshagombana na mnunuzi tukiwa tumesimama mbele ya mizani hiyohiyo. Halafu tukampandisha Yusra juu yake, ikasoma hamsini na nne na nusu, tukapiga makofi. Watu kumi na tisa, jamani, na hakuna hata mmoja aliyewaza!

Wiki tatu zilizopita tukaenda Korogwe. Saa tatu asubuhi akapanda kwenye mizani ya kweli, ikasema hamsini na saba na kidogo. Waandaaji wakatuambia, ama apande kundi la juu ama arudi kupimwa saa saba akiwa amepungua. Kupanda kundi la juu ilikuwa ni kusema neno moja tu. Hatukulisema. Tulimvalisha makoti yetu matano ya karate, tukamfunga nailoni juu yake, akakimbia kuzunguka uwanja kwenye jua lile la Korogwe mnalolijua. Koti la juu kabisa lilikuwa la mwalimu, la chini yake lilikuwa langu. Akaomba maji. Chupa nilikuwa nayo mimi. Nikamwambia, "Vumilia shoga yangu, bado kidogo," nikaificha mgongoni.

Kilo zikatoka. Saa nane akaingia kupambana, midomo imepasuka. Msichana wa klabu ya Mkata alimpiga teke halali kabisa, wala hatumlaumu. Yusra akaenda chini bila kuweka mikono, yeye aliyefundishwa kuanguka kabla ya kitu kingine chochote. Kichwa kiligonga sakafu, tuliokuwa nje tulisikia. Isaka alihesabu hadi arobaini ndipo Yusra akafumbua macho.

Tukampa soda, tukapanda basi. Bi Mashavu, shikamoo mama. Ulipompokea pale stendi ukamwona amelegea, tulikuambia amechoka na safari. Mama, hakuwa amechoka na safari. Tulikudanganya, na leo umeamka alfajiri umetupikia pilau.

Mwalimu, ya Korogwe unayajua. Ya Jumanne huyajui, ulikuwa msibani Handeni. Tulikuwa tunafanya mazoezi mepesi, mimi na Yusra. Nilimgusa begani, nasema begani, kwa kiganja. Akakaa chini. Akaniuliza, "Chausiku, tumeshapimwa?" Nikadhani ananitania. Akauliza tena. Mara ya tatu akaniuliza kwa nini namnyima maji. Nilikimbia kumletea, akanywa, akanishangaa ninavyolia. Baada ya muda akajua yuko wapi, akanishika mkono akaniapisha nisimwambie mtu. Akaniambia kichwa kinamuuma tangu Korogwe, na mchana anajifunika kitambaa usoni kwa sababu ya mwanga. Niliapa. Siku mbili nikanyamaza, usingizi nikaukosa, juzi nikawaambia wenzangu.

Mwalimu anasema mtu aliyeangushwa akikaa nje sana uoga unamwingia. Huenda ni kweli, yeye amepigana kuliko sisi sote tukijumlishwa. Lakini sisi kumi na wanane tunaona hivi. Aliyepoteza fahamu asirudi kwenye zulia hadi mtu wa dawa aseme arudi, hata akililia. Uzito upunguzwe kwa miezi, kwa kula vizuri na kukimbia asubuhi, usipunguzwe kwa saa nne ndani ya nailoni. Na mtu apigane kwenye uzito alionao, akipigwa huko amepigwa akiwa na nguvu zake. Hatukuyasoma mahali. Tumeyajua kwa kumharibia mwenzetu.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika maombi matano. Yote tumeyafuta, magunia yatasubiri na kinga za meno zitasubiri, tumeweka moja tu.

Kwa mujibu wa ratiba, nikimaliza kusoma unamkabidhi nahodha bendera, na keshokutwa basi linaondoka kwenda Tanga. Nahodha amesimama pale, koti amelipiga pasi mwenyewe. Mgeni rasmi, tunakuomba usimkabidhi. Mwite, mkalishe kwenye kiti chako, mtazame macho yake, muulize maswali yako ya kidaktari, kisha useme unachokiona mbele ya mwalimu na mbele ya mama yake. Ukisema aende, tutapanda naye basi na hatutafungua mdomo tena. Ukisema apelekwe hospitali, mwalimu hatakubishia. Tunamjua. Wewe ndiye uliyemshona kidevu alipokuwa mdogo, na mpaka leo akikutaja anakishika. Ndiyo sababu tulikuchagua wewe. Bendera apokee yeyote, na hata ikibaki mezani ni sawa.

Mwalimu, hatukukosei heshima. Tunaogopa, basi.

Yusra, usiniangalie hivyo. Najua niliapa. Nikasirikie, usinisemeshe hata mwaka mzima, nitakuja kwenu nitakaa nje. Lakini nataka mwaka huo ukiisha uwe bado unakumbuka nilikukosea nini.

Mgeni rasmi, Mungu akuzidishie afya, aibariki mihogo yako, na kwa saa hii moja akurudishie jicho lako la kazini.

Ni sisi, wanachama kumi na wanane wa Klabu ya Karate ya Ghala la Juu, Mombo, pamoja na Yusra, wa kumi na tisa, ambaye ukurasa wa tatu hatukumwonyesha.