Mwatima binti Mjaka, Aliyekaukiwa na Tezi

Assalaamu alaykum. Mimi ni Simai bin Mjaka, mdogo wake marehemu, tumbo moja, nami nimetakiwa na shemeji yangu Masoud niyaeleze maisha ya mkewe kabla hitma haijaanza.

Dada yangu Mwatima alizaliwa Jongowe, Tumbatu, mwaka 1921, akahitimu Kurani chuoni kwa mwalimu wetu huko huko, kisha akachukuliwa na shangazi yetu hapa Ng'ambo, akafundishwa kushona kofia, na mkono wake ukawa mwepesi hata wenye maduka wakawa wanamfuata nyumbani. Mwaka 1941 aliolewa na Masoud bin Matar, mchukuzi wa ghala la karafuu, wakajaaliwa watoto wawili, Kazija na Mkadam.

Maradhi yalimwingia polepole mwaka 1954, akakonda, akawa akisimama anaona kiza, na mistari ya viganja vyake na fizi zake zikapiga weusi kama zilizopakwa wanja. Alikuwa akilamba chumvi ya mawe kama mtoto anavyolamba sukari guru, na akiulizwa husema, "Mwili ndio unaoitaka, si mimi." Watu walianza kunong'ona kuwa kafanyiwa uchawi, na wengine wakawa hawanywi tena maji kwake.

Masoud alimpeleka hospitali, na daktari alipokwisha kumpima alitueleza kwamba juu ya kila figo pana tezi ndogo, ambayo haina mfereji wala mdomo, bali humwaga maji yake, ambayo wenyewe huyaita homoni, moja kwa moja ndani ya damu, na kwa maji hayo mwili hushika chumvi yake, moyo hupata nguvu, na mtu akipatwa na homa au hofu huweza kuhimili. Kifua kikuu kilichojificha kilikuwa kimezila tezi za dada yangu zote mbili. Akapewa dawa ya kifua na vidonge vya kufanya kazi ya tezi hizo, na daktari akamkazia macho, akamwambia, "Hivi si vya kupona, bibi, ni vya kuishi. Ukitapika, usingoje kuche, njoo."

Aliishi navyo karibu miaka mitatu, akanenepa kidogo, akarudia kofia zake, nasi tukaanza kusahau.

Mfunguo mosi huu wa 1957, baada ya Ramadhani, alikwenda Jambiani kwenye harusi ya ukoo wa mumewe, akafikia kwa wifi yake, Wanu, naye Masoud akabaki mjini kazini. Siku ya Jumatano alishikwa na homa na kutapika, na kila kidonge alichomeza kilirudi. Wanu alimwita mganga, mganga akasema kinachotoka ni kile alicholishwa, kiachiwe kitoke, asipewe kitu. Dada yangu alimshika Wanu mkono, akamwambia, "Wifi, tezi zangu hazina kitu, vidonge havikai. Ntafutieni gari." Wanu akamjibu, "Tulia, wifi yangu, kinatoka hicho, karibu utapona."

Alhamisi mvua ilinyesha kutwa, na dada yangu akawa haombi tena gari, jambo ambalo Wanu alilidhania ni nafuu. Ijumaa, tarehe 24 Mei, alipoguswa na kukutwa baridi na jasho limemlowesha, ndipo gari la shamba lilipotafutwa, akapakiwa, na alikata roho njiani kabla ya kufika Tunguu.

Tunamshukuru daktari, ambaye ameomba kila aliyelala nyumba moja na marehemu akapimwe kifua, na mpaka leo hajakwenda hata mmoja wetu. Tunawashukuru majirani wa Ng'ambo na wachukuzi wenzake Masoud waliobeba jeneza.

Na mbele yenu nyote tunamshukuru Wanu, ambaye amekaa nyuma ya pazia na hajala tangu Ijumaa. Alimpakata dada yetu kichwa njia nzima, akimsomea, na alimfanyia kila alichokijua. Masoud amenituma niseme kwamba hana neno naye, nami nasema hivyo hivyo, ingawa ulimi wangu ni mzito.

Dada Mwatima, Mola akulaze pema, upumzike.