Benchi la Nyuma Katika Kanisa Jipya

Uvumilivu uliniisha nilipoona wazee wawili wa kanisa wanaingiza lile benchi, limepigwa vanishi linang'aa. Nikasimama mlangoni, mtoto mgongoni.

"Hilo linakwenda wapi, baba?"

"Nyuma, mahali pake. Hii ni historia, mwanangu."

"Basi likalieni ninyi."

Ndugu zangu akina mama wa Kibondo, nawaambia kwa nini niliwajibu wazee hivyo. Kwetu Kasulu, msichana aliyepata mimba bila ndoa alikalishwa kwenye benchi hilo mpaka wazee waseme basi. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2012, mwaka uliofuata nikalikalia. Aliyenipa mimba alikuwa mbele, anaimba kwaya. Nikaacha kanisa. Nikaacha hata kutoka nje.

Jumapili moja mama mkubwa, dada yake mama, alinifuata chumbani. "Vaa. Leo tunakaa wote." Akakaa nami kwenye benchi, mjane na heshima zake. Mzee akaja kumnong'oneza asogee mbele. Akamjibu, "Hapa naona vizuri." Jumapili zilizofuata, vilevile. Hapo ndipo moyo wangu ulipoinuka tena.

Kanisa lilipoanza kujengwa upya tulibeba maji ya zege pamoja. Na lazima niseme, akina mama, limependeza. Ukuta wa mawe wa wamisionari umeachwa pamoja na matao yake. Juu yake wamepandisha nguzo nyembamba za chuma na vioo virefu, ukikaa ndani unaona vilima na ukungu wake. Vigae vya zamani vimerudi juu, kwa hiyo mvua ikinyesha mahubiri yanasikika, si kama kwenye mabati. Pale jiwe linapokutana na chuma, hata mimi na hasira zangu nilisimama nikatazama.

Asante mama mkubwa. Asanteni nanyi mnaonisikiliza bila kuninunia. Ukiona mwenzako amekalishwa peke yake, usimwombee ukiwa mbali, nenda ukakae naye.

Wazee hawakulitoa lile benchi, nami sikuishia mlangoni. Nilipeleka malalamiko rasmi kwenye baraza la kanisa. Niliandika hivi:

"Mimi ni mshirika wa kanisa hili na ni mama wa mtoto mmoja. Mawe, matao na vigae mmehifadhi vizuri, nawapongeza. Benchi la adhabu naomba litolewe. Kama mtasema libaki kwa sababu ni historia, basi libandikwe kibao chenye historia yote: walilikalia wasichana, na hakuna mwanaume hata mmoja aliyewahi kulikalia."